Kila sweta na mwenyewe: Kazi za mfumaji katika msimu wa kipupwe

Kuanzia mwezi wa Juni hadi Agosti, upepo wa kusi unapovuma, ndugu zetu wa pwani hushukuru kwa kupungua joto. Kwetu sisi wa milimani, hapa Lushoto na vijiji vyake, hali ni nyingine. Ukungu hushuka jioni na mara nyingi haupandi hadi saa nne asubuhi. Maji ya udhu wa Alfajiri hukata vidole, na nguo zilizofuliwa hukaa kambani siku mbili bila kukauka. Wenzetu wa Njombe na Makete wana baridi kali kuliko yetu. Huko zipo asubuhi ambazo majani huamka yamefunikwa na ukungu ulioganda.

Huu ndio msimu ambao kikapu cha nyuzi hutoka uvunguni. Kwangu kufuma si biashara. Ni kazi ya mapumziko, ifanywayo kati ya Alasiri na Magharibi, au baada ya Isha watoto wakishalala. Hata hivyo, kazi tatu zilizopita mikononi mwangu kipupwe hiki zimenithibitishia jambo ambalo ningependa ndugu zangu wasomaji walitafakari: nguo ya dukani hushonwa kwa kipimo, nguo ya kufuma hufumwa kwa mtu. Mfumaji asiyeyajua maisha ya atakayevaa huweza kutoa nguo nzuri isiyovalika.

Kofia ya mtoto wa kilo 1.6

Mwanzoni mwa Juni jirani yetu alijifungua binti kabla ya miezi kutimia. Mtoto alikuwa na uzito wa kilo 1.6. Wauguzi walimfundisha mama kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa ile njia iitwayo ya kangaruu, na wakasisitiza kuwa mtoto avae kofia na soksi. Mtoto njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili wake. Joto humtoka upesi kuliko anavyoweza kulitengeneza. Kofia zilizopatikana madukani zilimfunika hadi kidevuni.

Mfumaji huanza kwa hesabu kabla ya sindano. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi huwa na mzingo wa kama sentimita 35. Cha binti huyu kilikuwa sentimita 29. Kwa kuwa kitambaa cha kufuma huvutika, kofia hupunguzwa kidogo ili ishike bila kubana. Nikaikadiria sentimita 27. Kipande cha majaribio kilinipa vitanzi 22 katika kila sentimita 10, hivyo nikaanza na vitanzi 60. Kazi ya jioni moja. Ilipokamilika ilikuwa kubwa kidogo tu kuliko chungwa.

Alhamdulillahi, mtoto alifikisha kilo 2 akaruhusiwa kurudi nyumbani, na hapo ndipo palipokuwa na hatari yenyewe. Nilipokwenda kumwona usiku wa pili, nilikuta jiko la mkaa linawaka kando ya kitanda, mlango umefungwa na dirisha limezibwa kwa khanga ili joto lisitoke. Mkaa unaowaka katika chumba kisicho na hewa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mtu huhisi kichwa kizito na usingizi, kisha asiamke. Kila msimu wa baridi husikika habari za familia zilizolala na jiko na kukutwa zimefariki.

Bibi wa mtoto ni mama wa heshima, naye alinijibu kwa upole kwamba yeye amelea watoto saba kwa jiko. Haikuwa busara kubishana na mtu mzima ndani ya nyumba yake. Nilimwomba ruhusa nimweleze tu nilivyosikia kwa wauguzi, kisha nikarudi kwangu nikaleta blanketi la kufuma lililokuwa kitandani kwa mwanangu. Mama akamweka mtoto kifuani, blanketi likawafunika wote wawili, na bibi mwenyewe akalibeba jiko akalitoa nje. Baadaye nilielewa kuwa alichokihofia ni mjukuu wake kulala katika baridi. Alipoona joto linapatikana kwa njia nyingine, hakuhitaji maneno mengi. Katika juma lililofuata, akina mama watatu wa darsa yetu tuligawana kazi: kofia mbili, soksi jozi tatu, sweta lenye kufungukia mbele na blanketi dogo.

Anayefuma kwa ajili ya mtoto mchanga azingatie haya. Matundu yawe madogo, ili kidole kisipite kikanasa. Nyuzi zilizobaki kwa ndani zifichwe na kukatwa, kwani uzi mmoja ukijizungusha kwenye kidole cha mguu huweza kuzuia damu. Kamba ndefu na vifungo viepukwe. Tena mtoto asizidishiwe nguo. Akishikwa shingoni akakutwa na jasho, apunguziwe. Na ikumbukwe kuwa nyuzi nyingi zinazouzwa madukani kwetu ni za akriliki, ambazo zikikaribia moto huyeyuka na kugandamana na ngozi. Nguo hizo zikae mbali na meko.

Sweta la madrasa

Mwanangu wa miaka 8 huenda madrasa mara baada ya Alfajiri, wakati giza halijatoka vizuri. Alikuwa na sweta la dukani ambalo kila siku lilirudi limelowa mikononi. Sababu ni rahisi: ncha za mikono zilikuwa finyu, hazipandi juu ya kiwiko. Mtoto alizisukuma kadiri alivyoweza, akatia udhu, na maji yakanyonywa na sweta. Kisha akakaa saa nzima na kitambaa kibichi mwilini.

Tabu hii si ngeni. Imepokewa kutoka kwa Al-Mughira bin Shu'ba (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) akiwa safarini alivaa juba lenye mikono myembamba, na alipotaka kutia udhu mikono ile haikukunjika, akaitoa mikono yake kwa chini ya juba akaiosha. Mwalimu wa darsa yetu alipotusomea habari hiyo, mimi mfumaji niliyasikia pia maelekezo ya kazi yangu. Sweta la Muislamu halina budi kupimwa juu ya kiwiko, wala kupima kifundo cha mkono peke yake hakutoshi.

Kifua cha kijana kilikuwa sentimita 64. Niliongeza 8 ili apate nafasi ya kuvaa kanzu ndani, na kwa vitanzi 20 katika kila sentimita 10 nikapata vitanzi 144, nusu mbele na nusu nyuma. Mikono niliipa upana wa kupita kiwiko, na kwenye ncha nikatumia mpangilio wa vitanzi viwili vya mbele na viwili vya nyuma, ambao huvutika na kurudi kama mpira.

Nyuzi nazo zina visa vyake. Sweta la mtoto wa umri huu hula takribani gramu 300, yaani mabonge sita ya gramu 50. Duka la mjini lilikuwa na mabonge manne tu ya kijani nilichokitaka yaliyotiwa rangi kwa mkupuo mmoja. Mengine mawili yalikuwa na namba tofauti kwenye karatasi yake. Msomaji asiyefuma ataona rangi ni moja, lakini namba zikitofautiana, juani nguo huonyesha mpaka pale uzi ulipobadilishwa. Katika hali hiyo mfumaji hauachi uzi wa pili hadi mwishoni. Niliufuma kama mistari kifuani na katika mikono yote miwili kwa vipimo sawa, na watu wakadhani ni pambo lililokusudiwa tangu mwanzo.

Kijana aliomba na kofia ya mzula. Hapo pia kuna la kuangalia. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, sehemu ya paji la uso yapasa iguse mahali pa kusujudia bila kuzuiwa na vazi. Mzula ulioshuka hadi nyusi humtia mtoto katika kosa asilolijua. Wake niliufanya mfupi, ukingo ukiwa na uimara wa kubaki penye nywele.

Soksi za mama mkwe

Mama mkwe wangu amepita miaka 70 na haachi kisimamo cha usiku. Miguu yake hufa ganzi kwa baridi ya sakafu ya saruji. Kwake nilitaka sufu halisi, inayotunza joto hata ikiwa na unyevu kidogo, lakini uzi wa sufu ni adimu na ghali. Niliupata kwenye gulio, katika lundo la mitumba: sweta kubwa la kiume lililotoboka viwiko.

Kununua sweta la kufumua kuna ujuzi wake. Kwanza tazama mishono ya ubavuni. Ikiwa kitambaa kilikatwa kwa mkasi na kuzungushiwa uzi wa cherehani, utapata vipande vifupi visivyofaa. Ikiwa kila upande ulifumwa kwa umbo lake, uzi utatoka mrefu bila kukatika. Pili, chomoa unyuzi mdogo uuchome. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na jivu lake hupukutika. Akriliki huyeyuka na kuacha punje ngumu. Ukishafumua, uzi huwa na mawimbi. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge mahali panne, uloweke katika maji ya vuguvugu, kisha utundike kivulini na kitu chenye uzito kwa chini. Maji ya moto yaepukwe, maana sufu hujikunja na kusinyaa isirudi tena.

Mama alipoziona soksi aliuliza kama angeweza kupaka maji juu yake badala ya kuosha miguu. Suala hili tulilipeleka kwa shekhe wetu. Alitueleza kuwa kwa madhehebu ya Shafii, khufu inayopakwa maji, kwa usiku na mchana mmoja kwa mkazi na siku tatu kwa msafiri, hutakiwa miongoni mwa masharti yake iwe imara kiasi cha kutembelewa na isiyopitisha maji. Soksi ya kawaida ya kufuma hupitisha maji mara moja. Wapo wanazuoni wa madhehebu mengine walioruhusu soksi nene, na kila mmoja amuulize mwalimu wake. Jibu hilo lilibadilisha kazi yangu. Nilifumua shingo za soksi nikazifuma upya kwa ulegevu, ili vidole vyake visivyo na nguvu vizivue kwa urahisi kila anapotia udhu, na chini nikashonea ngozi laini asije akateleza.

Kazi ya kale katika mikono ya Waislamu

Wapo wanaodhani kuwa kufuma kwa sindano ni jambo la Wazungu. Historia inasema vingine. Miongoni mwa vipande vya kale zaidi vya ufumaji huu vinavyojulikana ni soksi za pamba za rangi ya buluu na nyeupe kutoka Misri, za zama za utawala wa Kiislamu. Na huko Hispania, katika kaburi la mwanamfalme Fernando de la Cerda aliyefariki mwaka 1275, kwenye makao ya watawa ya Las Huelgas mjini Burgos, ulikutwa mto wa hariri uliofumwa kwa vitanzi vidogo mno, wenye neno la Kiarabu kwa hati ya Kufi: baraka. Inaaminika kuwa mafundi wake walikuwa Waislamu. Neno lile tunalolitamka kila siku katika Kiswahili lilikwisha kufumwa karne zaidi ya saba zilizopita.

Kabla ya hayo, Qur'ani Tukufu katika Surat An-Nahl imetukumbusha kuwa sufu na manyoya ya wanyama ni neema tuliyopewa kwa vyombo na manufaa. Katika sura hiyo hiyo umepigwa mfano wa mwanamke auvunjaye uzi wake baada ya kuusokota imara, kuwaonya wanaovunja ahadi. Mfumaji huuelewa mfano huo kwa vidole vyake. Kufumua ili kurekebisha ni sehemu ya kazi. Kuahidi sweta mwezi wa Juni na kuliacha kikapuni hadi Septemba ni kuvunja ahadi kwa mtu aliyekuwa akitetemeka. Na ile kauli ya “nimalizie mstari huu tu” adhana ikiwa imekwisha kuita, nayo yataka kuangaliwa. Vitanzi haviondoki kwenye sindano, lakini wakati wa sala hupita.

Kwa anayetaka kuanza, sindano jozi moja na bonge moja la uzi vinatosha. Asianze na sweta. Aanze na kofia ya mtoto, ambayo huisha kabla ya kuchosha. Kabla ya kuhesabu vitanzi ajiulize: atakayevaa ni nani, hulala wapi, hutia udhu vipi, na usiku wa leo anapata joto kutoka wapi? Kipupwe bado kina majuma kadhaa, na huenda nyumba ya jirani yako ina jiko chumbani. Mwenyezi Mungu atujaalie mikono yenye manufaa. Amin.