Miwani ya kusomea si ya kila asomaye

Juzi nilimsikia mzazi akimwambia mchuuzi: "Nipe miwani ya kusomea, mtoto wangu haoni ubaoni." Akauziwa. Kosa lilianzia kwenye jina.

Kauli ya kutendea katika 'kusomea' hudokeza ala, yaani kitu cha kutumia mtu anaposoma. Kimatumizi, hata hivyo, jina hilo limewaganda watu waliofika miaka 40 hivi na kuendelea. Umri huo, lenzi ya jicho hukakamaa, ikashindwa kujirekebisha kutazama vya karibu. Ndiyo maana mzee husogeza gazeti mbali hadi mkono unamwishia! Kioo chake huwa kinene katikati.

Mtoto asiyeona ubao aghalabu ana tatizo la kinyume: karibu anaona, mbali ni ukungu. Yeye huhitaji kioo chembamba katikati, kinene pembeni. Mvishe ile ya mchuuzi, ubao utazidi kufifia, kisha aambiwe ni mzembe.

Wengine husema 'miwani ya macho'. Kwani ipo ya masikio? Jina hilo huitenga tu na miwani ya jua, ambayo nayo haileti jua bali hupunguza mwanga wake. Ile 'ya' haituambii kitu kinafanya nini.

Ningependelea 'miwani ya kuonea mbali' na 'miwani ya kuonea karibu'. Najua 'kuonea' pia ni kudhulumu, ila muktadha hutegua utata huo. Mzazi yule angeulizwa tu, "Ya mbali au ya karibu?" huenda angempeleka mtoto kupimwa macho kwanza.