Hoteli za Kwetu Zilizokwenda na Tingatinga

Ukimwambia mtu wa hapa Ayany "twende hoteli," hatafikiria kitanda wala lifti. Atakuuliza una pesa ngapi. Hoteli kwetu ni mahali pa kula, basi. Walimu wetu hutusihi tuseme mkahawa, na ndugu zetu wa Tanzania husema mgahawa, na maneno yote mawili yana asili moja na kahawa. Lakini hoteli ninazotaka kueleza hapa hazikuuza kahawa hata siku moja. Zilikuwa za mabati, mlango ni pazia, benchi mbili za mbao na moshi wa makaa wa kumtoa nyoka pangoni. Nyingi hazipo tena, na watu wengi wanadhani zilifungwa kwa sababu biashara ilikuwa mbaya. La hasha!

Kwanza tuelewe zilitoka wapi. Kibera ilianza kama makao ya askari wa Kinubi waliopigana katika jeshi la King's African Rifles. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza rasmi eneo hilo, ekari zaidi ya 4,000, kuwa ardhi ya jeshi. Jina lenyewe ni la Kinubi, Kibra, maana yake msitu. Wanubi walileta mapishi yao, na hadi leo ukipita Makina asubuhi utanusa mahamri na kaimati kabla hujaona mpishi. Baadaye wakaja Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakikuyu, Wakisii, kila mtu na sufuria yake. Ndiyo maana hoteli moja ya benchi mbili ingeweza kukuuzia omena, githeri, matumbo na chapati kwa madondo. (Madondo ni maharagwe. Mwalimu wetu mlezi wa chama atanisamehe, lakini hakuna mtu aliyewahi kuagiza maharagwe akiwa Kibera.)

Sasa niwaeleze jinsi hoteli ya aina hii ilivyofanya kazi, maana wengine wenu mnaotoka mitaa mingine mnaweza kudhani ni suala la kupika na kuuza tu. Nitatoa mfano wa ile niliyoijua mimi. Ilikuwa Mashimoni, na mwenyewe tulimwita Shosho, watoto kwa wakubwa. Shosho alikuwa akiwasha jiko saa kumi alfajiri kwa sababu watu wa kazi za mjengo huondoka mapema, wakitembea kwa miguu hadi Industrial Area. Hao walikunywa chai na mandazi. Saa nne sufuria ya madondo ilikuwa tayari. Saa saba walikuja watoto wa shule. Jioni walikuja akina mama waliorudi kufua nguo Lang'ata, wakinunua mchuzi wa kubeba ili wasiwashe jiko nyumbani. Makaa ni ghali kuliko madondo, jambo ambalo wapangaji wa miji huenda hawajui. Kwa familia nyingi hoteli ndiyo ilikuwa jikoni yenyewe.

Juu ya meza ya Shosho kulikuwa na daftari la kurasa 48, lile la jalada la rangi ya samawati. Humo aliandika madeni. Hakuandika majina kamili, aliandika "Mama wa pacha," "Fundi," "yule wa radio." Mtu aliyekosa kibarua Jumatatu alikula hadi Ijumaa. Ukimwuliza Shosho bei, alikuuliza wewe una ngapi, kisha akapima. Chapati ilikuwa shilingi 10, nusu chapati shilingi 5, na supu ilikuwa ya bure kama umekonda. Sijasema uongo, alisema hivyo hivyo: "Wewe umekonda, njoo nikuongezee supu."

Tarehe 23 Julai 2018 tingatinga ziliingia Kibera ili kupisha barabara ya kuunganisha Lang'ata na Barabara ya Ngong. Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Zoezi la kuwahesabu watu watakaohamishwa lilikuwa limefanywa siku chache tu kabla. Mashirika ya kutetea haki yalisema watu wapatao 30,000 waliachwa bila makao, na shule kadhaa ziliangushwa pia. Kichinjio, Mashimoni na Lindi ziliguswa. Magazeti yaliandika kuhusu nyumba na shule, na ni haki yao kuandika hayo. Hoteli hazikutajwa. Nani angezihesabu, na hazikuwa na hata kibao cha jina?

Mama yangu alikuwa na deni la shilingi 340 katika lile daftari, na daftari lilibaki chini ya mabati. Miezi miwili baadaye alipata nambari ya simu ya Shosho kwa jirani, akamtumia 340 kwa M-Pesa. Shosho akapiga simu kukataa. "Mwanangu, deni lako ni mia tatu na ishirini," akasema, na akarudisha ishirini. Daftari lote alikuwa nalo kichwani. Lakini wangapi waliolipa? Mtu aliyehamia Kawangware au aliyerudi mashambani, utamdai vipi? Mtaji wa Shosho haukuwa mabati. Ulikuwa ni watu wale waliomdai na aliowadai, na walitawanyika siku moja.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Wiki mbili baadaye, tarehe 6 Agosti 2018, tingatinga zilibomoa mkahawa wa Java kule Kileleshwa kwa kuwa ulijengwa kando ya mto. Watu wa kwetu walishangilia kidogo, nakiri niliwasikia wakisema "hata matajiri leo wamepata." Lakini si sawa! Java ina matawi mengine mengi. Mteja wa Kileleshwa aliingia gari akaenda tawi lingine na kukuta kahawa ile ile, kwenye kikombe kile kile. Hoteli ya kibanda haina tawi. Wateja wake ni wale wanaopita mlangoni kwa miguu, na barabara inapowaondoa hao, hata ukijengewa kibanda cha marumaru hutauza.

Serikali hujaribu wakati mwingine. Soweto Mashariki, nyumba 822 zilikabidhiwa wakazi mwaka 2016 pamoja na vibanda 245 vya biashara. Ni vizuri, naam. Ila kibanda rasmi kina kodi ya kulipwa kila mwezi, na mtu anayeuza nusu chapati huhesabu pesa zake kwa siku, si kwa mwezi.

Si Kibera pekee. Huko Kisumu, ufuoni mwa Ziwa Viktoria, watu walikula samaki na ugali kwenye vibanda vya Lwang'ni hadi vilipobomolewa mwaka 2019, wakati bandari ikikarabatiwa. Lwang'ni kwa Kijaluo ni nzi, na bado watalii walipanga foleni! Mwaka huo huo Mombasa, pale Mama Ngina, wauzaji wa mihogo na madafu waliondolewa ili bustani itengenezwe upya.

Msinielewe vibaya. Hoteli zile hazikuwa peponi. Maji yalinunuliwa kwa mitungi, sahani zilioshwa kwenye beseni moja tangu asubuhi, na kipindupindu si hadithi ya kutungwa. Na barabara tuliihitaji; mjomba wangu ni dereva na haniruhusu kuisema vibaya mbele yake. Ninachouliza ni hiki: mbona waliohesabu walihesabu nyumba tu?

Shosho yuko kwao Siaya sasa. Barabara ile ina lami. Ukipita alfajiri, kabla askari wa kaunti hawajaamka, utawakuta akina mama kando yake na thermos mbili na beseni lililofunikwa kwa kitambaa. Mandazi ni shilingi 10. Hawana benchi, kwa hivyo watu hula wakiwa wamesimama, na hakuna anayekopeshwa.