Moto Haumwokoi Samaki Aliyeshinda Juani

Jumamosi saa nne asubuhi uko Soko la Samaki Feri, pale Kivukoni. Umebishana bei, umepata jodari mmoja wa maana na vibua kadhaa, roho kwatu. Mpango ni kuvuka na pantoni kwenda Kigamboni, mkoke moto ufukweni na washkaji, mchome. Ila kwanza unapitia Kariakoo kutafuta mkaa, ndimu na wavu wa kuchomea. Foleni, jua, zunguka huku na kule. Mpaka moto unawaka ni saa tisa alasiri, na samaki wako kwenye mfuko tangu asubuhi.

Mmoja wenu anauliza, "Hawa hawajaharibika kweli?" Mwingine anadakia, "Tutawachoma mpaka waive, moto unaua kila kitu."

Jibu hilo nusu yake ni kweli. Nusu nyingine inaweza kukulaza kitandani.

Tuanze na nusu ya kweli. Mkaa uliokolea ukawa mwekundu una joto la mamia ya nyuzi. Ngozi ya samaki ikishakauka na kufika nyuzi 140 hivi, protini na sukari zilizomo zinaanza kuungana na kutoa ile rangi ya kahawia na harufu inayokufanya umeze mate. Ndani mambo huenda taratibu, kwa sababu nyama imejaa maji, na maji yakifika nyuzi 100 yanageuka mvuke badala ya kuendelea kupanda joto. Bahati nzuri samaki haiitaji kufika huko. Kwenye nyuzi 60 na kitu nyama yake inaacha kupitisha mwanga, inakuwa nzito kwa rangi na kuachia mfupa. Ameiva, na bakteria wengi wamekufa.

Sasa nusu ya pili. Jodari, vibua, nguru na dagaa wa baharini wana kitu kingi kwenye nyama kinachoitwa histidini. Ni moja ya vipande vinavyojenga protini, na chenyewe hakina ubaya wowote. Shida inaanza samaki akifa. Bakteria waliokuwa kwenye ngozi, mashavu na utumbo wanaingia kwenye nyama, na baadhi yao wana kimeng'enya kinachoibadili histidini kuwa histamini. Histamini ndiyo ileile ambayo mwili wako huitoa ukipatwa na aleji. Kwenye barafu kazi hiyo huenda polepole sana. Kwenye joto la Dar, nyuzi 30 na zaidi, saa chache tu zinatosha.

Hapo ndipo moto unaposhindwa. Histamini si kiumbe hai, kwa hiyo huwezi kuiua. Joto la kuchoma haliivunji. Kukaanga haliivunji, kuchemsha vilevile, na hata ukimgandisha samaki baadaye, iliyokwisha kutengenezwa inabaki. Ndimu na pilipili zinabadili ladha tu. Ni kama kumfukuza mtoto aliyemwaga wino kwenye shuka: mtoto ametoka, doa lipo palepale.

Kibaya zaidi, haina harufu. Samaki anaweza kuwa na macho angavu na asinuke, lakini tayari ameshavuka kiwango. Viwango vya kimataifa vya chakula, Codex, vinasema histamini isizidi miligramu 200 kwa kilo moja ya samaki. Hiyo ni robo ya gramu haifiki!

Ukiila nyingi, dalili huanza ndani ya dakika chache mpaka saa moja au mbili: uso na shingo vinawaka moto, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, vipele vinatoka, wengine wanaharisha. Mara nyingi huisha ndani ya siku moja, na dawa za aleji husaidia. Lakini mtu akianza kupumua kwa shida, hasa mwenye pumu, wahi hospitali. Watu wengi hutoka hapo wakiamini wana aleji ya samaki, wakaacha kula samaki maisha yao yote. Jiulize kwanza: je, wengine waliokula samaki yuleyule nao waliwashwa? Kama ndiyo, huenda tatizo ni samaki, si wewe. Mweleze daktari hivyo.

Kwa hiyo ufanyeje? Geuza ratiba. Nenda Kariakoo kwanza, Feri iwe kituo cha mwisho kabla ya pantoni. Nunua kwa muuzaji ambaye samaki wake wamelala kwenye barafu, maana histamini iliyotengenezwa kabla hujanunua hutaweza kuiondoa. Waambie vijana wanaopara samaki pale sokoni watoe utumbo na mashavu hapohapo, kwa sababu ndiko bakteria wengi waliko. Beba ndoo yenye mfuniko, panga barafu chini, samaki kati, barafu juu, na umtoe samaki pale tu mkaa ukishakolea. Kama unajua mtachelewa, au barafu hakuna, chukua changu au chewa. Hao wana histidini kidogo, ingawa nao wakikaa juani wataoza kama kawaida.

Na ukitafuna tonge la kwanza ukahisi ulimi unachomachoma kama pilipili wakati hukuweka pilipili, tema. Usione aibu mbele ya washkaji, waambie nao waache.

Jumamosi ijayo basi, anzia Kariakoo, malizia Feri.