Iniesta: Fundi aliyebeba kila kitu, akaikosa furaha

DAKIKA ya 116, Julai 11, 2010. Soccer City, Johannesburg, imejaa watu zaidi ya 84,000. Cesc Fabregas anapenyeza pasi, Andres Iniesta anautuliza mpira na kuachia shuti. Nyavu zinatikisika, Hispania bingwa wa dunia.

Iniesta akavua jezi. Ndani alivaa fulana nyeupe yenye jina la Dani Jarque, nahodha wa Espanyol aliyefariki dunia ghafla Agosti 2009, akiwa na miaka 26.

Bao hilo kila mtu kijiweni analikumbuka. Kinachosahaulika ni kwamba miezi kadhaa kabla yake, mfungaji alikuwa hoi, na si kwa sababu ya misuli tu.

MATAJI YAPO, RAHA HAKUNA
Mei 2009 Barcelona ilibeba mataji matatu. Iniesta alikuwa na kila kitu ambacho mchezaji anakiota, lakini ndani alianza kuzimika. Vipimo vya mwili havikuonyesha tatizo. Kisha ikaja taarifa ya kifo cha rafiki yake Jarque, na hapo akazama kabisa.

Baadaye alisimulia kwamba alifikia hatua ya kumkumbatia mwenza wake akaona kama amekumbatia mto. Hahisi chochote. Mchana kutwa alisubiri usiku uingie, ameze kidonge, apumzike.

Jamaa hakujikaza kisabuni. Alisema, akapelekwa kwa mwanasaikolojia, na kocha Pep Guardiola alimwelewa hata siku alizoshindwa kumaliza mazoezi. Hata Kombe la Dunia halikumponya siku moja. Alirudi kidogo kidogo.

HAYUKO PEKE YAKE
David Beckham alikiri mwaka 2006 kwamba anasumbuliwa na ugonjwa wa kuandamwa na mawazo yaleyale. Vitu lazima vikae kwenye mstari au viwili viwili, la sivyo hatulii. Tim Howard, kipa wa zamani wa Manchester United na Everton, ameishi na hali hiyo tangu utotoni, akilazimika kugusa vitu kwa mpangilio fulani.

Hawa hawakuwa wanajiendekeza. Wazo linakuja, hofu inapanda, unafanya kile linachotaka ili utulie, halafu linarudi na nguvu zaidi. Tiba inamfundisha mgonjwa kuliacha wazo lipite bila kulitii. Wengine wanahitaji na dawa, ambazo huchukua wiki kadhaa kuonyesha matokeo. Ni kama goti lililofanyiwa upasuaji, huwezi kuamka kesho ukacheza dakika 90.

SASA TUJE KWETU
Mchezaji wetu akiumia goti tunamwombea dua. Akishuka kiwango bila jeraha linaloonekana, tunasema amelogwa, pombe, au wanawake. Jukwaani tunamzomea, mtandaoni tunamtukana hadi mama yake. Hakuna anayeuliza kama jamaa analala usiku.

Klabu zetu zina daktari wa timu na mtu wa kuchua misuli. Ziulize kama zina mwanasaikolojia, usikie jibu.

Na wewe shabiki usijitoe. Kama wiki zinapita hofu haikuachii, wazo moja linakuzunguka kichwani, au hata Simba na Yanga haikupi mzuka tena na unajiona kama unatazama maisha yako kwa mbali, usilimalizie kijiweni. Mwambie mtu unayemwamini, kisha nenda hospitali. Muhimbili wana kitengo cha afya ya akili, Dodoma kuna Mirembe, na ukianzia hospitali ya karibu wataweza kukupa rufaa. Mirembe si tusi, ni hospitali.

Iniesta alikuwa na mataji yote na bado akaomba msaada. Yule winga uliyemzomea Jumamosi, nani amemuuliza anaendeleaje?