Mgonjwa Akirudishwa Nyumbani: Nani Anakuja, na Wewe Ufanye Nini

Daktari akisema "mpelekeni nyumbani", familia nyingi huku kwetu Itiryo husikia neno moja tu: wameshindwa. Mara nyingine kweli ugonjwa hauna tiba. Lakini mara nyingi maana yake ni kwamba kilichobaki hakihitaji kitanda cha wodi. Kinahitaji kugeuzwa, kuoshwa, kulishwa, kupewa dawa kwa saa zake, na mtu wa afya kupita kumwangalia. Hiyo ndiyo huduma ya wagonjwa nyumbani. Tatizo ni kwamba haiji yenyewe.

Bibi mmoja alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Alilazwa, akaruhusiwa, akaletwa kwa bodaboda ameketishwa katikati ya dereva na mwanawe. Hakupewa barua ya kuleta kwetu, na familia haikujua kuiomba. Nilimkuta baada ya wiki tatu, tena kwa bahati, nilipokwenda kufuatilia mtoto wa nyumba ile aliyekosa chanjo. Mkwewe alikuwa akimlisha vizuri na kumwosha kila siku. Lakini alimlaza chali muda wote, kwa sababu ndivyo alivyomwona akilazwa wodini. Juu ya makalio palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kiganja. Yule mama alilia akifikiri nimekuja kumlaumu. Alikuwa amefanya kazi kubwa kuliko sisi sote, ila hakuna aliyemwambia amgeuze.

Kwa hiyo, kabla hujatoka hospitali, iwe ya Tarime, Musoma au Bugando kule Mwanza, usiondoke bila karatasi inayosema ugonjwa ni nini, dawa gani anatumia na arudi lini. Omba pia barua ya kumkabidhi mgonjwa kwenye kituo kilicho karibu na kwenu. Muulize muuguzi maswali manne: nimlazeje, nimlisheje, kidonda au mpira wa mkojo niutunzeje, na nikiona nini nikimbie. Mwambie akuonyeshe kwa mikono, nawe ufanye mbele yake. Usione haya. Kama karatasi imepotea, njoo kituoni hata bila hiyo, useme tu: nina mgonjwa nyumbani hawezi kuja.

Nani atakuja?

Wa kwanza ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Ni mkazi wa huku huku, anayejua njia ya kufika kwenu na, kwa wazee wetu wasiojua Kiswahili sana, anayeongea Kikurya. Huduma hii ilianza kuenea nchini miaka ya 1990 kwa sababu ya UKIMWI, ndiyo maana mpaka leo wapo wanaoogopa mhudumu akionekana getini: majirani watasema tuna "ugonjwa ule". Siku hizi anatembelea wagonjwa wa kila aina: kiharusi, saratani, kisukari, kifua kikuu, mtoto mwenye utindio wa ubongo, mzee aliyevunjika nyonga. Januari 2024 serikali ilizindua Dodoma mpango wa kuwafundisha na kuwaajiri wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, kwa hiyo usishangae ukiona sura mpya. Muulize mwenyekiti wa kitongoji kama anamfahamu.

Mhudumu hapimi na kuandika dawa kama daktari. Anaangalia ngozi, anauliza dawa zimebaki ngapi, anakufundisha, na anatuletea taarifa. Akisema hali imebadilika, muuguzi au tabibu wa kituo anakuja, au tunamwita mgonjwa. Hatuji kila siku. Wakati wa mvua, barabara ikiharibika, tunachelewa, na ni bora ulijue hilo mapema. Ziara yenyewe hulipii. Dawa za VVU na kifua kikuu ni bure. Dawa za presha, kisukari na vifaa vya kufungia kidonda mara nyingi ni za bima au mfukoni. Mzee asiyejiweza aulizie msamaha kwa afisa ustawi wa jamii, akiwa na barua ya mtendaji wa kijiji.

Kazi iliyobaki ni yako. Mgeuze kila baada ya saa mbili: ubavu huu, chali, ubavu ule. Usiku nao uhesabike, kwa hiyo mgawane zamu. Mume na shemeji nao wana mikono. Ukiona sehemu imekuwa nyekundu, au kwa ngozi yetu nyeusi imeiva na kuwa ya moto, usiisugue na usimlalie hapo tena. Aliyepata kiharusi usimlishe amelala. Mketishe wima, mpe uji mzito kijiko kidogo kidogo, mwache amekaa nusu saa. Akipaliwa kila anapomeza, acha kumlisha na utuite, maana chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu. Vaa glavu ukigusa damu, usaha au choo, na unawe kwa sabuni ukizivua.

Kuhusu maumivu niseme kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoteseka bure. Mgonjwa wa saratani anaweza kuandikiwa morfini ya maji. Nimekuta chupa imefichwa juu ya kabati haijafunguliwa, kwa sababu mkubwa wa boma alisikia kwamba ni dawa ya kumaliza mtu. Siyo. Ikitolewa kwa kipimo na saa zilizoandikwa, haimuui. Inamfanya alale, ale, aongee na wanawe. Usisubiri alie ndipo umpe. Mpe saa ikifika, kwa sababu maumivu yakishapanda ni kazi kuyashusha. Itamfunga choo, hivyo ulizia dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo. Ifungie mbali na watoto, na usimwonjeshe mtu mwingine hata kama naye anaumwa. Akisinzia mpaka haamki ukimtikisa, usimpe dozi nyingine, tuite.

Usingoje ziara ukiona haya: anapumua kwa shida, ana homa kali, degedege, hajitambui, hajakojoa tangu jana, au kidonda kimekuwa cheusi na kunuka. Hapo ni kituoni mara moja. Namba ya bure ya 115 ni ya usafiri wa dharura wa mama mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga. Kwa wagonjwa wengine panga mapema ni gari la nani mtatumia na nani atalipa mafuta. Nimeona mgonjwa akisubiri mpaka asubuhi huku wanaume wakibishana kama ng'ombe auzwe.

Na wewe mlezi, mhudumu akija mwambie ukweli kama mgongo unauma au hulali. Tunaweza kukaa na familia tukapanga zamu. Yule mkwe wa bibi alisaidiwa hivyo: dada wa mume akachukua usiku, tukaweka godoro la ziada, na kidonda kikaanza kujaa nyama. Bibi sasa huketi nje asubuhi na kuchambua maharage kwa mkono wa kushoto.