Nyota huzaliwa haraka kuliko ilivyodhaniwa? Kivuli cha hidrojeni chatoa jibu
Katika kundi la nyota la Taurus kuna wingu jeusi, L1544, ambalo linajikusanya kuwa nyota mpya. Wanasayansi wamebishana kwa miaka mingi: kazi hiyo inachukua muda gani?

Karibu hidrojeni yote humo imeungana atomu mbili mbili juu ya chembe za vumbi, na kwa baridi ile, nyuzi 260 hivi chini ya sifuri, haitoi mawimbi ya redio ya kupimika. Zinazosaidia ni atomu chache zilizobaki moja moja, kama moja au mbili kwa elfu. Hizo hunyonya wimbi la sentimita 21 linalotoka kwenye gesi yenye joto iliyo nyuma, na kuacha kivuli chembamba.

Mwaka 2003, Di Li na Paul Goldsmith walikiona kivuli hicho katika mawingu mengi kwa darubini ya Arecibo, Puerto Rico, ambayo iliporomoka mwaka 2020.

Mapema 2022 Li na wenzake, safari hii kwa darubini ya FAST ya China yenye kipenyo cha mita 500, walikitumia kupima usumaku wa L1544. Walipata mikrogausi 4 hivi, yaani dhaifu kama mara laki moja kuliko usumaku wa dunia.

Vitabu vilifundisha kwamba usumaku hulizuia wingu kwa muda mrefu lisijiporomokee. Hapa uzito wa gesi ulikuwa umeshinda mapema, tangu kwenye tabaka la nje. Ni wingu moja tu, lakini hesabu ya zamani imetikisika.