Ateri Zinazopita Njia Nyingine Shingoni

Wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi hujifunzia mishipa ya damu katika maabara ya anatomia pale Chiromo, njia ya kwenda Westlands. Kitabuni, tao la aota, mshipa mkuu utokao moyoni, hutoa matawi matatu: la kwanza hugawanyika kwenda mkono wa kulia na upande wa kulia wa shingo, la pili ni karotidi ya kushoto, ateri ya shingoni iendayo kichwani, la tatu huenda mkono wa kushoto. Mwili ulio mezani haulazimiki kuutii mchoro huo. Mwaka 2010 Profesa Julius Ogeng'o na wenzake walichapisha uchunguzi wa matao ya aota ya Wakenya. Wengi walikuwa na mpangilio wa kitabuni, si wote. Kwangu hii ni kazi ya lazima, maana michoro tunayosomea ilitokana zaidi na miili ya Ulaya, ilhali wanaolala kwenye meza ya upasuaji katika hospitali za Kenyatta au Parklands ni watu wa hapa.

Tofauti hizi huanza mama akiwa bado na mimba changa. Kiinitete hujenga jozi za matao ya mishipa, baadhi yakichipuka huku mengine yakitoweka. Jozi ya tatu hubaki kuwa karotidi. Tao la nne la kulia huchangia ateri ya mkono wa kulia. Likinyauka, ateri hiyo huchomoza mwisho kabisa wa tao la aota, upande wa kushoto, ikavuka kurudi kulia, mara nyingi kwa kupita nyuma ya umio. Hali hii huwapata watu wapatao 1 kati ya 100. Wengi huishi nayo hadi uzeeni bila kujua. Wachache huhisi chakula kikikwama. Daktari Mwingereza David Bayford alieleza habari za mgonjwa wa namna hiyo katika karne ya 18.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko kwenye upasuaji wa rovu. Kwa kawaida neva ya sauti ya upande wa kulia hushuka, ikajipinda chini ya ateri ya mkono, kisha ikapanda hadi kwenye zoloto. Ateri isipokuwa mahali pake, neva haina pa kujipinda, basi hukata moja kwa moja shingoni kuelekea zoloto, karibu kabisa na tezi inayovimba kuwa rovu. Mpasuaji asiyeitarajia anaweza kuidhania mshipa mdogo wa damu, akaifunga na kuikata. Mwalimu, au mama anayenadi mboga sokoni Kangemi, atabaki na sauti ya kukwaruza.

Nadra zaidi ni mtu kuzaliwa bila karotidi ya ndani, tawi la karotidi liendalo ubongoni, upande mmoja, jambo linalompata chini ya mtu 1 kati ya 10,000. Ubongo wake hulishwa na karotidi ya pili na ateri za uti wa mgongo, kupitia duara la mishipa lililo chini ya ubongo, ambalo Thomas Willis alilieleza mwaka 1664. Je, daktari atajuaje kama mshipa huo haukuwahi kuwapo, au uliziba kwa ugonjwa? Hutazama mfupa. Njia ambamo karotidi hupita katika fuvu hujengeka kuuzunguka mshipa uliokwisha kuwapo. Picha ya CT ikionyesha fuvu halina njia hiyo, basi mshipa haukuumbika. Njia ikiwa pana kama kawaida, mshipa ulikuwapo, na chanzo cha kuziba lazima kitafutwe. Asiye na karotidi hiyo hukaguliwa pia mishipa ya ubongo, kwa kuwa uvimbe wa kuta za ateri humpata mara nyingi zaidi kuliko watu wengine.

Ripoti ya picha ikitaja kwamba ateri yako ya mkono wa kulia imechomoza mahali pengine, itunze. Mwonyeshe mpasuaji kabla ya kutolewa rovu, na pia daktari wa moyo anayetaka kupitisha mrija kutoka kifundo cha mkono wa kulia, kwani ateri hiyo hujipinda na mrija huwa mgumu kuingia, na huenda daktari akachagua mkono wa kushoto au paja.